Rafiki wa kweli wa Pam pale ofisini alikuwa Michael, siyo Jim. Nipingeni

#1 Karani wa Zamu
Wadau, nimemaliza kuirudia tamthilia ya vichekesho, The Office ya Marekani, kwa mara ya tatu, misimu yote 9, na nimegundua miaka yote hii tulikuwa tunamshangilia mtu asiyestahili. Kila mahali ni Jim na Pam, Jim na Pam, yule wa mauzo na yule wa mapokezi waliokuja kuoana. Mimi nasema mle ndani ya Dunder Mifflin, kampuni yao ya karatasi, rafiki wa kweli wa Pam alikuwa bosi wake, Michael Scott.

Ushahidi wangu ni siku moja tu. Msimu wa 3, Pam anaonyesha michoro yake. Kawaalika watu wote wa ofisini. Roy, mpenzi wake, anakuja, anapita fasta kama mtu anayesoma mita ya umeme, anasifia kidogo, anaondoka. Oscar anakuja na mpenzi wake, wanasimama mbele ya michoro wanaiponda, hawajui Pam kasimama nyuma yao anasikia yote. Watu wanaisha. Pam anaanza kubandua kazi zake ukutani.

Ndipo anaingia Michael. Kachelewa, na siku yenyewe imemwendea vibaya: katoka chuoni kwa Ryan, kijana wa ofisini anayesomea biashara, ambako Ryan aliwaambia wanafunzi wenzake kwamba kampuni ya Michael inakufa. Anafika mbele ya mchoro wa jengo lao, lile lile la Scranton analopaki gari kila asubuhi, anabaki ameduwaa. Anauliza bei. Pam analengwa na machozi, anamkumbatia. Mchoro ule ukatundikwa ofisini ukakaa hadi kipindi cha mwisho kabisa, 2013.

Jim siku hiyo alikuwa wapi? Ofisini, anamzuga Dwight, mwenzake wa mauzo, kwamba kang'atwa na popo na sasa anageuka mnyonya damu. Haya, nipingeni.

#2 Bisi Mkononi
Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 Binti wa Kizimkazi
Mnyonya damu ndiyo nini, sema mumiani sote tukuelewe 😂

Kaka yangu, hadithi umeianzia katikati. Rudi msimu wa 2. Jan anakuja kutoka makao makuu, anawaambia wanawake wa ofisi kwamba kuna mafunzo ya ubunifu wa michoro, Pam anaweza kwenda. Roy akasema ya nini hayo. Pam akakubali, akayaacha. Nani aliyekasirika hadi wakagombana? Jim. Alimwambia ni lazima siku moja athubutu kitu kwa ajili ya maisha yake. Wakati huo Pam mchumba wa mtu, Jim hana faida yoyote pale. Michael siku hiyo hiyo yuko ghalani na wanaume anaharibu vitu kwa mashine ya kubebea mizigo.

Na kuhusu siku ya michoro: Jim alikuwa na Karen, mpenzi wake wa wakati huo. Ulitaka amwache Karen amkimbilie Pam? Ungekuja hapa na uzi mwingine wa kumwita mhuni.

#4 Mzee wa Faili
Mleta uzi, nakuheshimu ila umesahau jambo kubwa. Huyu Michael unayempamba ndiye aliyetoka kimapenzi na mama mzazi wa Pam. Msimu wa 6, baada ya harusi ya Niagara. Pam akanuna, akakasirika, mwisho akajikaza akakubali waende kula pamoja siku ya kuzaliwa ya mama. Pale pale mezani Michael akapiga hesabu ya umri wa mama, akaona ni mkubwa mno, akamwacha. Siku ya kuzaliwa kwake! Baadaye Pam akamzaba kofi kwenye maegesho, ofisi nzima inatazama.

Kwetu mtu wa namna hiyo haitwi rafiki. Anaitishiwa kikao cha ukoo.

#5 Karani wa Zamu
Mzee wa Faili, hapo kwa mama umenishika pabaya, sina la kusema. Ila tazama: baada ya kofi wakaendelea. Msimu wa 7 Michael anahamia Colorado kwa Holly, mchumba wake, na aliyekimbia mpaka uwanja wa ndege kumuaga ni Pam peke yake. Wengine wote walidhani anaondoka kesho yake. Huwezi kumkimbilia namna ile mtu asiye kitu kwako.

#6 Wa Mtaa wa Juu (Nairobi)
Jim pia alijua anaondoka leo. Alimshtukia, wakaagana kiujanja pale ofisini, macho yamejaa maji. Msimnyime haki yake.

Lakini manze nakubaliana na mwenye uzi kwa jambo moja. Jim alimponza Pam. Dem alikuwa Philadelphia anasomea sanaa, akaacha masomo akarudi Scranton juu ya boyfriend. Hiyo haijawahi kunipendeza.

#7 Mwalimu wa Misimu
Wa Mtaa wa Juu, umechanganya madesa. Pam alisoma New York, chuo cha Pratt, kozi ya miezi mitatu, msimu wa 5. Philadelphia ni msimu wa 9, na aliyekwenda ni Jim, kwenye ile kampuni ya michezo ya Athlead.

Na hakuacha juu ya boyfriend. Alifeli somo moja. Ili alirudie ilibidi akae New York wiki 12 zaidi. Jim alimwambia usirudi kwa ajili yangu, rudi ukiwa umemaliza. Pam akarudi hata hivyo, akamwambia sababu siyo yeye, ni kwamba ubunifu wa kwenye kompyuta haumpendezi.

Nyongeza kwa mleta uzi: kipindi kile cha michoro kilirushwa Februari 2007, na aliyekiongoza ni Joss Whedon, yule wa tamthilia za wanyonya damu. Umemfaa ule mzaha wa popo.

#8 Wa Mtaa wa Juu (Nairobi)
Sawa mwalimu, nimekaa chini. Lakini mtu akikuambia "sababu siyo wewe", wewe huwa unaamini?

#9 Nyanya Chungu
Mimi naamini. Tena naona mnamdharau Pam, wote, wa Jim na wa Michael. Mnamzungumzia kama mzigo: nani aliubeba, nani aliuangusha. Yule dada alikuwa anaamua mwenyewe.

Nilisomea uhasibu Morogoro kwa sababu kaka zangu walisema hesabu ninaziweza. Kweli nilikuwa naziweza. Mwaka wa pili nikafeli somo moja, kurudia ilikuwa kitu cha muhula mmoja tu, nikarudi nyumbani. Nikawaambia watu ada imekwama. Uongo mtupu. Nilikuwa sitaki. Kila nikifungua daftari tumbo linanikata. Mpaka leo shangazi yangu anaamini niliacha kwa ajili ya mwanaume, na mwanaume mwenyewe nilikutana naye miaka minne baadaye!

Kwa hiyo nilipoona Pam anarudi Scranton, wenzangu sebuleni wanasikitika, mimi nilicheka. Nilimjua. Huyu hakushindwa sanaa, kashindwa kompyuta na hataki kukiri mbele ya watu. Baadaye si alichora ule ukuta wa ghalani? Kwa brashi, kwa mkono.

Mnamwona mnyonge. Mnyonge gani anajipandisha cheo mwenyewe? Msimu wa 7, kachoka na mauzo kwa sababu hawezi kuuza, akawaambia yeye ni msimamizi wa ofisi, kwamba cheo alishapewa zamani. Akawakazia macho. Akapewa cheo na mshahara. Mimi hata likizo naogopa kuomba.

#10 Bisi Mkononi
Nyanya Chungu 😂😂 shangazi yako akisoma hapa umekwisha.

#11 Fundi Antena
Nyote mnazunguka. Pam alirudi kwa sababu waandishi walihitaji kiti cha mapokezi kikaliwe. Ni vichekesho vya ofisini, mtu akitimiza ndoto yake anatoka nje ya picha. Ndiyo maana kila anayeondoka anarudishwa. Jim kapelekwa Stamford msimu wa 3, tawi likafungwa, karudi. Ryan kapanda makao makuu New York, kakamatwa kwa udanganyifu, karudi. Michael na Pam wakafungua kampuni yao ya karatasi, ikanunuliwa, wakarudi. Andy kaenda baharini, karudi. Darryl yeye waliweza kumwachia aende moja kwa moja kwa sababu tamthilia ilikuwa inaisha.

Hayo mnayoita maamuzi ya maisha ni ratiba ya NBC, kituo kilichoirusha.

#12 Mzee wa Faili
Fundi, ukweli wako mkavu kama makuti. Sasa na sisi tuliokaa kiti kimoja miaka 22 ni ratiba ya nani?

#13 Nipo Slough
Ngoja niwakumbushe na Waingereza, maana hawa wa Scranton waliazima hadithi. Kule BBC, 2001 hadi 2003, ilikuwa vipindi 12 tu na nyongeza ya Krismasi. Pam wao anaitwa Dawn, naye anataka kuwa mchoraji, naye kachumbiwa na mtu asiyejali. Jim wao ni Tim. Tim alisema anaacha kazi akasome saikolojia chuoni. Bosi akampa cheo kidogo, akabaki. Basi, akabaki. Hakuna muziki, hakuna busu.

Dawn akahamia Florida na mchumba wake, wakaja Uingereza kutembea wakati wa Krismasi. Zawadi aliyopewa kwenye sherehe, kumbe imetoka kwa Tim: seti ya rangi za kuchorea na kikaratasi cha kumwambia asikate tamaa. Dawn anaifungulia ndani ya teksi. Anageuza, anarudi.

Fundi Antena anasema waandishi wanahitaji kiti kikaliwe. Kule walikuwa wanamaliza, viti havikuwa na kazi tena. Bado rafiki wa Dawn ni yule aliyekumbuka kwamba anachora. Sasa rudi kwenye swali la mleta uzi: siku ya maonyesho nani alikumbuka? Mimi namwona Michael kachukua nafasi ya Tim pale, na Jim kachukua nafasi ya mchumba.

#14 Binti wa Kizimkazi
Nipo Slough, hilo la mwisho hapana, tena hapana kubwa. Mchumba gani anabadilisha gereji iwe chumba cha kuchorea? Jim aliponunua ile nyumba ya wazazi wake, kitu cha kwanza alichomtayarishia Pam ni hicho.

#15 Baharia wa Muscat
Salamu kutoka Muscat. Dada Binti, umegusa kidonda. Jim aliinunua ile nyumba BILA KUMWAMBIA PAM. Watu wanasifia gereji wanasahau hilo. Zulia baya, ukutani picha ya kinyago cha mchekeshaji haibanduki, na mwenzio hajaulizwa.

Nasema hivi kwa sababu mimi ni mkosaji. Nilinunua kiwanja nyumbani Bagamoyo nikiwa huku, nikasema nitamshtukiza mke wangu kwa furaha. Nilimshtukiza kweli. Alikaa siku tatu ananijibu "ndiyo" na "hapana" kwenye simu. Siku ya nne akaniambia: ungeniuliza ningekwambia pale maji yanatuama wakati wa masika. Na yanatuama, nimekwenda kuona. Choo cha mjenzi kinaelea.

Halafu Jim hakujifunza. Msimu wa 9 akaingia kwenye Athlead, akamficha tena. Ukimpenda mtu halafu kila jambo kubwa unaliamua peke yako, hata nia ikiwa safi, unamfanya abiria.

#16 Mwalimu wa Misimu
Baharia, malizia na upande wa pili. Kipindi cha mwisho Pam aliiuza nyumba hiyo hiyo bila kumwambia Jim, ili wahamie Austin, Texas, Jim arudi kwenye kampuni yake. Ngoma droo.

#17 Baharia wa Muscat
Ngoma droo kwao. Kwetu mke wangu akiuza kiwanja bila kuniambia, nani atakinunua na maji yale?

#18 Bisi Mkononi
Auzie mfuga samaki.

#19 Kiti cha Dirishani
Naomba niwatoe kwenye mapenzi kidogo, uzi ulikuwa wa urafiki.

Nimefanya kazi ofisi moja miaka sita. Tulikuwa kama hao wa Scranton. Chai ya saa nne pamoja, upatu pamoja, misiba pamoja. Harusi ya mwenzetu mmoja nilikuwa mweka hazina wa kamati, nilifukuzana na wachangaji mpaka usiku wa manane. Ofisi ikapunguza watu, nikawa miongoni mwao. Wiki ya kwanza simu zikaita. Wiki ya tatu nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu ni "la kazi". Yule bwana harusi sijamsikia tena.

Kwa hiyo anayenivutia mimi ni Stanley. Alikaa pale miaka yote na chemshabongo yake, hakujifanya ndugu wa mtu. Jioni ikifika, begi mkononi. Akastaafu akaenda Florida. Halafu kipindi cha mwisho anarudi na kasanamu ka ndege alikochonga kwa mkono wake, kana sura ya Phyllis, mwenzake wa meza ya jirani. Nililia pale kuliko harusi zote za tamthilia ile. Mtu hajasema neno la upendo misimu tisa, kumbe akiwa peke yake Florida anamkumbuka mwenzake hadi mikunjo ya uso.

Michael alikuwa anawaambia kila siku kwamba wao ni familia. Wa hivyo nimewaona, na bosi wangu alikuwa mmoja wao.

#20 Karani wa Zamu
Kiti cha Dirishani, pole sana ndugu yangu. Nakubali kwamba Michael alihitaji familia kuliko wao walivyomhitaji. Hakuwa na pa kwenda jioni. Lakini pima kwa pesa. Msimu wa 5, kampuni yake ndogo inakufa, bei alizoweka ni za chini mno hawezi hata kulipia usafirishaji. Dunder Mifflin hawajui hilo, wanataka kumnunua kwa dola 60,000. Angechukua akatembea. Akakataa, akataka kazi: yake, ya Pam na ya Ryan. Pam arudi kama mtu wa mauzo, siyo mapokezi. Bosi wako angefanya hivyo?

#21 Kiti cha Dirishani
Wangu angechukua dola, na upatu wetu pia.

#22 Fundi Antena
Mleta uzi, alikataa pesa kwa sababu alitaka kurudi kwenye kiti chake. Pam na Ryan walipanda lifti.

#23 Nyanya Chungu
Fundi, wewe uliumizwa na nani?

#24 Shemeji Mkubwa
Nimesoma kuanzia #1, hakuna aliyemtetea Dwight ipasavyo, wakati jibu ndilo hilo. Msimu wa 3 Pam amejificha kwenye korido analia kwa sababu ya Jim na Karen. Anayemkuta ni Dwight. Hajui kubembeleza, hajui aseme nini, anauliza nani kafanya hivi nimshughulikie, anampa kitambaa ajifute, anakaa naye pale. Msimu wa 4 zamu ikawa ya Dwight kulia kwenye ngazi, kisa Angela, mpenzi wake aliyemwacha, na Jim akakaa karibu naye akamsimulia maumivu yake mwenyewe.

Kipindi cha mwisho Jim na Pam wanaaga. Dwight sasa ndiye meneja. Anakataa wasiache kazi, ANAWAFUKUZA. Kwa nini? Wapate kiinua mgongo. Mtu uliyemtia kalamu zake kwenye jeli miaka tisa.

#25 Mwalimu wa Misimu
Shemeji, ilikuwa mashine ya kubana karatasi iliyotiwa kwenye jeli, siyo kalamu. Mengine yote sawa.

#26 Shemeji Mkubwa
Nilijua utakuja.

#27 Wa Mtaa wa Juu (Nairobi)
Na Oscar je? Huyu Angela alimdharau Oscar miaka yote kwa maisha yake. Halafu ndoa ya Angela na yule seneta ikavunjika, kisa seneta alikuwa na Oscar huyo huyo. Angela akakosa pa kuishi, ana mtoto mchanga. Aliyemfungulia mlango ni Oscar. Wasee, mimi singefungua.

Cha kuchekesha, kwenye maisha ya kweli Angela Kinsey na Jenna Fischer, yaani Angela na Pam, ni marafiki wa kufa kuzikana. Mwaka 2019 walianzisha podikasti yao, Office Ladies, ya kuirudia tamthilia kipindi kwa kipindi. Kwenye skrini hawakuwa wanaivana hata kidogo.

#28 Nipo Slough
Nimefurahi sana kusikia habari ya podikasti. Na Phyllis Smith, yule Phyllis wa meza ya jirani na Stanley, hakuwa muigizaji wa kutafutwa, alikuwa kwenye timu ya kuchagua waigizaji, anasoma maneno na waliokuja kufanyiwa majaribio. Wakaona abaki yeye.

#29 Binti wa Kizimkazi
Narudi kumalizana na mleta uzi. Msimu wa 2, zawadi za Krismasi, Jim kampa Pam birika, ndani kaweka vitu vyao vya siri vya kuchekesha pamoja na barua. Dakika za mwisho akaichomoa barua, akaogopa. Akaitunza. Msimu wa 9, ndoa imekaribia kuvunjika kwa habari za Philadelphia, ndipo akampa. Mtu anayetunza barua miaka yote hiyo unamwambia siyo rafiki?

#30 Mzee wa Faili
Lile siyo birika, binti. Birika huchemshia maji. Lile ni buli.

#31 Karani wa Zamu
Binti, barua ya miaka saba iliyokaa kwenye droo na mchoro ulionunuliwa siku hiyo hiyo. Mimi bado niko na mchoro.

#32 Binti wa Kizimkazi
Mzee wa Faili, kwetu ukiniambia nilete buli nakuletea lenye chai tayari. Lile lilikuwa limejaa makaratasi na kipenseli.

#33 Mzee wa Faili
Likiwa na makaratasi bado ni buli.

#34 Bisi Mkononi
Bisi zimeisha. Kuna mtu wa kuleta buli?